Mgeni Kwao: Usonji Usiotambuliwa na Suala la Utu

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya kumwita mtu ambaye, machoni pa wenziwe, amepungukiwa na jambo. Asiyeona ni kipofu, asiyesikia ni kiziwi, asiyetembea sawasawa ni kiwete. Majina haya yamo katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu, ingawa upatanisho wa kisarufi, unaosema 'kipofu yule' wala si 'kipofu kile', huwarudisha wenye majina hayo katika jamii ya watu. Kwa upande wa akili yapo majina mengine, mengi zaidi na makali zaidi: zuzu, juha, punguani, taahira, zezeta, mwehu, kichaa. Pamoja na wingi wote huu, lugha haikuwa na jina la mtu ambaye anaona, anasikia, anatembea, anahesabu vizuri kuliko nduguze, pengine anakumbuka siku na tarehe ambazo wazee wamekwisha kuzisahau, lakini akikaa barazani na watu wa nyumbani kwao huonekana kama mtu aliyeshuka jana kutoka nchi ya mbali na ambaye bado hajaonyeshwa mahali pa kuweka mzigo wake.

Jina hilo sasa lipo. Wataalamu na magazeti huandika usonji; wengine huandika tawahudi, neno lililochukuliwa kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake ni ule ule wa wahedi, yaani mmoja. Maana hii inakaribiana mno na ile ya neno la Kizungu, ambalo Eugen Bleuler, tabibu wa Uswisi, aliliunda mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya 'nafsi' au 'mwenyewe'. Inafaa ikumbukwe, hata kama ni kwa kupita tu, kwamba mzizi huo wa Kiarabu ulikuwa na kazi nyingine katika falsafa kabla ya kuchukuliwa na matabibu. Ibn Bajja wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1138, aliandika risala juu ya maisha ya mpweke, mutawahhid, akimfananisha na mmea uliojiotea wenyewe katika shamba la watu. Mtu wa namna hiyo, kwa maoni yake, ni mgeni hata akiwa katika nchi yake na kati ya jamaa zake. Mpweke wa Ibn Bajja ni mwenye hekima aliyezaliwa katika mji usio na hekima. Upweke wake ni wa maoni. Makala haya yanamhusu mpweke mwingine, ambaye hakuchagua maoni yoyote, na ambaye ugeni wake ulianza kabla hajajua kusema.

Swali lenyewe ni la kimaadili. Mtu aliyekulia katika hali ya usonji bila ya mtu yeyote kuitambua hali hiyo, akaadhibiwa, akachekwa na kutengwa kwa ajili yake, je, alidhulumiwa? Na kama alidhulumiwa, ni nani aliyemdhulumu, ilhali waliomlea hawakuwa na jina la kumwita wala njia ya kulipata? Jibu jepesi husema kwamba pasipo elimu hapana lawama. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi.

Historia ya jina lenyewe ni fupi. Mwaka 1925, Grunya Sukhareva alichapisha kwa Kirusi maelezo ya wavulana sita ambao leo wasomaji wengi wangewatambua mara moja. Maelezo hayo hayakupata wasomaji wengi nje ya nchi yake. Mwaka 1943, Leo Kanner wa Baltimore aliandika juu ya watoto 11. Mwaka uliofuata, Hans Asperger wa Vienna akaandika juu ya wavulana wanne. Kwa muda mrefu Asperger alisifiwa kuwa mtetezi wa watoto hao, hadi mwaka 2018 Herwig Czech alipoonyesha, kwa nyaraka za wakati ule, kwamba aliwahi kupeleka watoto katika taasisi ya Am Spiegelgrund, ambako watoto walemavu waliuawa chini ya utawala wa Wanazi. Katika miaka ya 1950 na 1960 lawama ziliwaangukia mama wa watoto hawa, walioambiwa kuwa ubaridi wao ndio uliowafungia watoto ndani ya nafsi zao. Kitabu cha Bruno Bettelheim cha mwaka 1967 kiliieneza sana dhana hiyo, japokuwa Bernard Rimland alikwisha kuipinga kwa hoja nzito mwaka 1964. Mwongozo wa Chama cha Matabibu wa Akili cha Marekani haukuupa usonji wa utotoni mahali pake maalumu hadi mwaka 1980. Watu wenye usonji ambao husema vizuri na husoma vizuri hawakuanza kuonekana na wengi ila baada ya makala ya Lorna Wing ya mwaka 1981, na mwongozo ule ukawatambua mwaka 1994. Mwaka 2013 hali zote hizo zikaunganishwa kuwa moja yenye daraja mbalimbali.

Maana ya tarehe hizi ni nyepesi kuiona. Mtu aliyezaliwa mwaka 1960 au 1970, akajifunza kusema na kusoma, hakuweza kutambuliwa, hata kama angezaliwa mlangoni pa hospitali kubwa ya London. Mwaka 2015 Meng-Chuan Lai na Simon Baron-Cohen waliwaita watu wa namna hiyo kizazi kilichopotea. Afrika haikuwa nje ya habari hizi kabisa, kwani Victor Lotter alichapisha makala juu ya usonji wa watoto wa Kiafrika mwaka 1978. Lakini makala iliyomo katika jarida la matabibu ni jambo moja, na mwalimu wa darasa la pili aliye na fimbo mkononi ni jambo lingine.

Yafaa basi kumtazama mtoto mwenyewe, na mahali pa kumtazamia ni katika maamkizi. Pwani na hata bara, mtoto hupimwa kwa salamu kabla ya kupimwa kwa jambo lolote jingine. Asiyemwamkia mkubwa hana adabu, na asiye na adabu wazazi wake wameshindwa kumlea, na aibu hiyo ni ya nyumba nzima. Mtoto mwenye usonji aweza kupita mbele ya wazee watano bila ya kuamkia, si kwa sababu anawadharau, bali kwa sababu fikira zake zimeshikwa na jambo jingine, au kwa sababu haoni ni kitu gani kinachoifanya saa hii iwe ndiyo saa ya salamu. Akifundishwa, atashika fundisho kwa ukamilifu wa kutisha: atamwamkia mzee yule yule mara saba kwa siku, kila anapokutana naye njiani, kwa sauti ile ile. Wa kwanza aliitwa jeuri. Wa pili huchekwa. Hakuna anayeona kwamba ni mtoto yule yule na ni jambo lile lile.

Salamu zenyewe, zikichunguzwa, si nyepesi kama zinavyodhaniwa. Mtu huulizwa habari, naye hujibu 'njema' ilhali ana homa. Hata mfiwa hujibu 'njema' kwanza, ndipo akaongeza kwamba, ila tu, mama amefariki usiku. Kila mkubwa ajua kwamba neno lile la kwanza si taarifa. Ni mlango unaofunguliwa ili mazungumzo yaingie. Mtoto anayejibu 'mbaya' kwa kuwa tumbo linamuuma amesema kweli na amekosa adabu katika pumzi moja. Vivyo hivyo mwaliko wa 'karibu chakula'. Apitaye hualikwa, naye hutarajiwa kushukuru na kusema kuwa ameshiba. Au, akialikwa mara ya pili na ya tatu kwa sauti ya namna fulani ambayo hapana aliyewahi kuieleza, akae ale. Mtoto anayeketi na kula kila anapokaribishwa huitwa mlafi, na mama yake husemwa. Lakini mtoto huyo alifanya kosa gani? Aliwaamini watu kwa kadiri ya maneno yao.

Upo upande mwingine wa jambo hili, ambao wataalamu wa ng'ambo hawakuwa na sababu ya kuufikiria. Katika maelezo ya Ulaya na Marekani, mojawapo ya dalili zinazotajwa mapema ni kwamba mtoto hakutani macho na watu. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto anayesema na mkubwa huku akitazama chini ndiye mtoto mwenye heshima, na anayekaza macho ndiye mwenye utovu wa haya. Dalili ya huko ni adabu ya huku. Inawezekana kabisa kwamba mtoto mmoja amesifiwa kwa macho yake na kupigwa kwa ulimi wake katika siku moja, asielewe sifa wala kipigo. Msichana mkimya, aliyejifunza kuwaiga wenzake kwa kuwatazama kwa pembeni, huweza kupita utoto wake wote akiitwa mtulivu. Upole huo humsitiri, na sitara hiyo humgharimu nguvu ambazo hapana anayezihesabu.

Fasihi ya mawaidha haimsaidii mtoto huyu. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni hazina ya adabu za Waswahili, na mama anayemuusia binti yake humtaka awe na mwenendo mwema na ulimi mwema mbele za watu. Wosia wa namna hii hufaa kwa mtoto ambaye tayari anajua nusu ya lile analoambiwa. Neno 'adabu' humtosha kwa sababu ameishi katikati ya mambo ambayo neno hilo huyafupisha. Kwa asiyeyaona mambo hayo, wosia ni kichwa cha habari bila ya habari yenyewe. Hilo si kosa la Mwana Kupona. Mawaidha yote, ya kila lugha, huandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye keshaingia ndani ya nyumba.

Ngano, kinyume cha mawaidha, zimemwona mtu wa maneno ya moja kwa moja, na zimempenda. Abunuwasi huazima sufuria, akairudisha pamoja na sufuria ndogo, akidai kuwa ile kubwa imezaa. Mwenyewe hufurahi na kupokea. Mara nyingine huazima tena, na safari hii hurudi mikono mitupu na habari kwamba sufuria imekufa. Aliyekubali kuwa sufuria huzaa hawezi kukataa kuwa hufa. Wasikilizaji hucheka, na kicheko chao ni cha ushindi, kwa sababu maneno yameshikwa kama yalivyosemwa na tamaa ya mwenye sufuria imeumbuka. Mtoto mwenye usonji hufanya karibu jambo hilo hilo kila siku pasipo hila yoyote: huyashika maneno ya wakubwa kama yalivyosemwa, na mara nyingi huwaumbua. Tofauti ni kwamba Abunuwasi ajua kuwa anacheza, na hadhira yajua kuwa ajua. Kinachosifiwa katika ngano ni ustadi wa kutoka nje ya mazoea na kurudi ndani salama. Yule aliyeko nje bila ya kujua ulipo mlango hana hadhira ya kumshangilia.

Hapa ndipo hoja ya Miranda Fricker (2007) inapofaa. Mwanafalsafa huyo alieleza kwamba ipo dhuluma inayompata mtu kwa sababu jamii haina dhana ya kulielezea jambo linalomsibu. Pengo hilo katika hazina ya fikira humwacha bila ya njia ya kujieleza, na hata bila ya njia ya kujielewa. Mtoto asiyetambuliwa anaingia vizuri katika maelezo haya. Anajua kwamba kelele za soko zinamuumiza kama moto, lakini hana neno la kusema kuwa maumivu hayo ni maumivu. Aambiwapo kwamba anadeka, hulazimika kuamini kuwa kudeka ndiko huku.

Hata hivyo, picha ya pengo ina upungufu wake. Pengo ni mahali patupu, na mahali hapa hapakuwa patupu. Mtoto asiyetambuliwa hakukosa jina. Alipewa majina mengi, na yote yalikuwa ya kimaadili. Aliitwa jeuri, mwenye kiburi, mvivu, mkaidi, mchoyo wa maneno, mtoto asiye na huruma. Mtoto aliyekuwa na kifafa aliweza kusemwa kuwa ana mashetani, na dhana hiyo, pamoja na madhara yake yote, ilimwacha mtoto mwenyewe bila ya hatia: aliyepaswa kufukuzwa ni shetani. Lakini kiburi hakifukuzwi kwa uganga. Kiburi ni cha mwenye nacho, na dawa yake ni fimbo. Ndiyo kusema kwamba waliomlea hawakuwa watu wasiojua ni kitu gani kinachomsibu mtoto. Walikuwa watu waliokwisha kujua. Uamuzi ulikuwa umetolewa siku nyingi, na kwa sababu hiyo hapana aliyeona haja ya kuuliza.

Kama hivyo ndivyo, basi udhuru wa kutojua hauna budi kupunguzwa. Mwalimu wa mwaka 1975 hasitahili lawama kwa kutolijua neno usonji. Lakini ilikuwa imekwisha kuonekana mbele yake kwamba mtoto huyu amechapwa mara ishirini kwa kosa moja na bado analirudia, tena kwa uso wa mtu anayeshangaa. Mshangao ule ulikuwa ushahidi, na kuusoma hakukuhitaji shahada ya udaktari. Bibi asiyejua kusoma aliweza kusema, na baadhi ya mabibi walisema, kwamba mwacheni huyu, ndivyo alivyoumbwa. Kauli hiyo haina elimu yoyote ya tiba ndani yake. Ina uangalifu tu. Inathibitisha kwamba njia ya kutomdhulumu mtoto ilikuwapo kabla ya jina, na kwamba waliokuwa na macho waliipita. Nchini Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na walioitoa miaka ya nyuma walikuwa ndani ya sheria ya siku zao. Sheria, hata hivyo, haikumlazimisha mtu kurudia kiboko cha ishirini na moja.

Zipo hoja za kina zaidi zinazoelekea kumweka mtoto huyu nje, nazo zimo katika falsafa ya Kiafrika yenyewe. Tangu John Mbiti alipochapisha kitabu chake cha dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, imekuwa desturi kusema kwamba kwa Mwafrika nafsi ya mtu hupatikana katika jumuiya. Ifeanyi Menkiti (1984) aliipeleka fikira hiyo mbali zaidi: utu haupatikani kwa kuzaliwa, bali hufikiwa hatua kwa hatua, kwa mtu kuingizwa katika jumuiya na kutimiza wajibu wake humo, na katika kazi hii inawezekana mtu kushindwa. Kiswahili kinaonekana kumuunga mkono. Husemwa kuwa mtu ni watu. Husemwa pia kuwa fulani si mtu, na msikilizaji huelewa kuwa kinachokanushwa si umbile. Kwame Gyekye alipinga msimamo huo na kusisitiza kwamba mtu ni mtu kabla ya jumuiya kumpa alama zozote, na kwamba jumuiya, japokuwa humlea, haimuumbi.

Mjadala wa wawili hawa umerudiwa mara nyingi katika kumbi za vyuo vikuu, na aghalabu mfano unaotolewa ni wa mtu mwovu: mchoyo, msaliti, mwuaji. Mfano wa mtoto asiyetambuliwa unaujaribu mjadala kwa njia ambayo mwovu hawezi. Mwovu ameingia katika jumuiya na kuihini. Mtoto huyu hajaihini. Amebisha hodi kila siku katika lugha ambayo wenye nyumba hawakuitambua kuwa ni hodi. Ikiwa utu hupatikana kwa kushiriki, na kushiriki kwenyewe hupimwa kwa salamu, utani, mafumbo na mwangwi wa hisia za wengine, basi Menkiti atalazimika kusema kwamba huyu ni mtu kwa kiasi kidogo. Ni vigumu kuamini kwamba Menkiti, au mtu yeyote mwenye moyo mwema, angependa kulisema hilo kwa sauti. Nadharia inayomfikisha mwenye kuishika mahali anapoona haya kusema kwa sauti haina budi kutazamwa upya.

Msaada umepatikana kutoka upande usiotarajiwa. Damian Milton, mwanasoshiolojia ambaye mwenyewe ni mwenye usonji, alitoa hoja mwaka 2012 kwamba kutoelewana baina ya watu wenye usonji na wengine ni jambo la pande mbili. Imezoeleka kusema kuwa mwenye usonji hawezi kuzisoma nyoyo za wenziwe; hakuna aliyekuwa akiuliza kama wenziwe wanausoma wake. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo habari ilipokezanwa kutoka mtu hadi mtu. Ilipopita kwa watu wenye usonji peke yao ilifika vizuri sawa na ilipopita kwa wasio nao peke yao. Ilipotea zaidi pale minyororo ilipochanganywa. Upungufu basi haukai ndani ya mtu mmoja. Unakaa katikati, kama mto usio na daraja, na mto hauna upande mmoja.

Mtu ni watu, kwa mtazamo huu, huweza kusomwa upya bila ya kutupwa. Kauli hiyo imezoea kutumiwa kama deni analodaiwa mmoja na wengi. Lakini ikiwa kweli mtu ni watu, basi wengi nao wanadaiwa: ni wajibu wao kuwa watu kwake, kwa namna ambayo itamfikia. Jumuiya iliyomwona mtoto akikaa peke yake chini ya mwembe kwa miaka saba, akipanga vifuniko vya chupa kwa rangi, na isimtume hata mmoja akae naye na kupanga vifuniko, imeshindwa katika kazi ile ile ambayo Menkiti anamtaka mtoto aifaulu.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nao una sehemu yake katika habari hii. Tangu miaka ya 1970 wahakiki wameandika mengi juu ya ukengeushi, na mara nyingi wameutafutia chanzo katika historia: ukoloni, shule za kigeni, mji na fedha. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ndiye mfano unaotajwa zaidi. Ni msomi wa chuo kikuu ambaye amekuwa mgeni kwao, na mwisho wake ni kujiua. Wengine wamemsoma kwa udhanaishi, wengine kwa siasa ya elimu. Masomo hayo ni halali. Kinachotia shaka ni ile imani, isiyosemwa, kwamba kila ugeni ni lazima uwe umeletwa na kitu kutoka nje, na kwamba asingekwenda shule mtu angebaki mwenyeji. Wapo waliokuwa wageni katika mbeleko.

Hatari ya upande wa pili ni kubwa vile vile. Katika miaka ya hivi karibuni imekuwa rahisi kwa msomaji aliyejifunza jina jipya kulibandika juu ya kila mhusika mkimya. Mhakiki anayemtangaza Kazimoto kuwa mwenye usonji atakuwa amefanya kosa lile lile la mwalimu mwenye fimbo, yaani kujua kabla ya kuuliza. Mhusika wa kubuni hana utoto nje ya kurasa, wala hana mama wa kuhojiwa. Yale ambayo Kezilahabi hakuyaandika hayapo. Jina la tiba likiingizwa mahali hapo huyaua maswali ambayo riwaya iliyaandika kwa makusudi, hasa swali la maana ya kuishi.

Ni katika tawasifu ambamo suala hili linapata mwili wake halisi, na mfano wa kuangaliwa ni wa Donna Williams, aliyezaliwa Australia mwaka 1963 na kufariki mwaka 2017. Alikulia bila ya jina la hali yake. Alidhaniwa kiziwi, alidhaniwa ana maradhi ya akili. Kitabu chake cha kwanza, Nobody Nowhere, kilichapishwa mwaka 1992, na kichwa chake kinatosha kueleza mahali mwandishi alipojiona yupo: si mtu, wala hapana alipo. Jambo la kushangaza katika simulizi hiyo ni wahusika wawili aliowaunda utotoni ili wamsaidie kuishi na watu. Mmoja, Willie, alikuwa mkali na mwenye kujilinda. Wa pili, Carol, alikuwa mchangamfu, mwenye kucheka, anayependwa, na sura yake ilitokana na msichana mmoja ambaye Williams alikutana naye bustanini. Carol alifaulu. Alikuwa na marafiki, alikuwa na kazi, alijua maneno ya kusema. Na kadiri Carol alivyofaulu ndivyo Donna alivyozidi kutoweka.

Mhakiki wa Kiswahili aliyezoea tawasifu ya kuonyesha njia, kama Maisha Yangu ya Shaaban Robert, ambamo maisha yanasimuliwa ili wengine wajifunze mwenendo mwema, ataona mara moja kwamba kitabu cha Williams kimegeuza mpango huo juu chini. Adabu zote zimo, na zote ni za Carol. Fundisho limeshikwa barabara na aliyefundishwa hayupo. Hapa swali la utu linarudi likiwa zito zaidi kuliko lilivyokuwa kwa Menkiti. Kwa kipimo cha kushiriki, Carol ndiye mtu, kwa kuwa ndiye aliyeingia katika jumuiya na kutimiza yaliyotakiwa. Kila msomaji anajua kuwa sivyo. Anajua, bila ya kufundishwa na mwanafalsafa yeyote, kwamba mtu ni yule aliyefichwa nyuma ya Carol, anayetetemeka. Ni Gyekye anayeshinda hapa, na anashinda kwa ushahidi wa msomaji mwenyewe.

Jina linapokuja mtu akiwa na miaka ishirini na minane, au arobaini, au sitini, halimpi habari mpya juu ya mambo yaliyotukia. Matukio ni yale yale. Linabadilisha aina ya hadithi ambayo matukio hayo ni yake. Ian Hacking aliandika kwamba majina ya namna za watu si kama majina ya madini. Mtu akiitwa kwa jina huanza kuishi nalo, na namna anavyoishi nalo hulibadilisha jina. Lipo jambo la kuogopa katika hilo, na wapo wanaosema kwamba usonji wa watu wazima umekuwa vazi linalopendwa. Pengine kwa wachache. Lakini anayesema hivyo afikirie kwanza ni vazi gani lililokuwa likivaliwa siku zote. Aliyepewa jina la jeuri akiwa na miaka mitano naye alianza kuishi nalo, na hapana aliyehofia wakati ule kuwa jina litamuumba.

Linabaki suala la radhi, ambalo falsafa za ng'ambo hazina neno lake. Radhi huenda upande mmoja: mzazi hutoa, mtoto huomba; na anayekufa bila ya kumpa mwanawe radhi amemwachia mzigo mzito. Wapo watu ambao, kando ya kitanda cha mama anayekata roho, waliomba radhi kwa jeuri yao ya utotoni, kwa miaka yote ambayo hawakumwamkia mgeni, kwa siku ile walipoyaziba masikio na kupiga kelele arusini mbele ya wakwe. Mama alitoa radhi kwa moyo wote, akafa. Miaka kumi baadaye, mwana alielezwa kwamba halikuwa kosa.

Radhi ile basi ilisamehe nini? Haiwezi kurudishwa, kwa kuwa aliyeitoa hayupo. Haiwezi kudharauliwa pia, kwa sababu iliyatuliza maisha ya wawili kwa saa ile. Wapo watakaosema kwamba mama ndiye aliyepaswa kuomba. Lakini desturi haikumpa maneno ya kumwomba mwanawe, kama vile haikumpa jina la hali yake, na yeye mwenyewe alibeba aibu ya baraza zima kwa ajili ya mtoto huyo, akilaumiwa kwa malezi mabaya na wanawake ambao watoto wao waliamkia kwa wakati. Yamkini alikuwa wa kwanza kuamini kuwa yeye ndiye aliyekosea. Mwana aliyebaki anajua sasa jambo ambalo lingempunguzia mama yake mzigo, na hana wa kumwambia. Anapokwenda kaburini husimama kando kidogo, kama alivyozoea. Akifika husalimu kwa sauti, mara moja, kisha hunyamaza.